Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya viwanja vya watoto Lindi na Mtwara

Kwa Waheshimiwa Madiwani na Wakurugenzi wa Halmashauri za mikoa ya Lindi na Mtwara, kwa maofisa mipango miji na maofisa ustawi wa jamii, na kwa yeyote mwenye mtaji anayefikiria kufungua bustani ya michezo ya watoto huku kwetu.

Yah: Bustani ya michezo ipimwe kwa mtoto mdogo kuliko wote

Waheshimiwa,

Naomba nianze kwa kujieleza, ili mjue anayewaandikia ni mtu wa namna gani. Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika wa korosho. Msimu ukifunguliwa, kazi yangu ni kusimama kando ya mizani tangu asubuhi, kusoma kilo, kuandika, kisha kumsomea mkulima kile nilichokiandika ili tusije tukalaumiana baadaye. Kazi hiyo imeniachia ugonjwa wa kuandika kila kitu; mke wangu husema kwamba hata msibani natoa daftari, na hasemi uongo sana. Basi siku tulipowapeleka watoto wetu watatu kwenye bustani kubwa ya michezo, daftari lilikuwa mfukoni kama kawaida, na barua hii imetoka katika kurasa mbili za daftari hilo.

Bustani yenyewe sitaitaja. Iko Dar es Salaam, wanaoiendesha hawakunikosea kwa makusudi, na sina kesi nao. Ninawaandikia ninyi kwa sababu ninyi bado hamjajenga, na kwa mtu ambaye hajajenga, kosa la mwenzake ni bure.

Ilikuwa Januari, minada imekwisha na malipo yameingia. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka minne na nusu, mdogo wake wa kiume alikuwa anakaribia mitatu, na wa mwisho alikuwa na miezi kumi na minne, ndiyo kwanza ameanza kutembea kwa kushika mapaja ya watu. Tulikuwa na mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Msomaji wa mbali anaweza kujiuliza shemeji anatafuta nini katika safari ya watoto, lakini kwetu Wamwera mjomba ni mtu mzito katika mambo ya wapwa zake: yeye ndiye aliyetoa wazo, na ndiye aliyelipa nusu ya nauli. Tulipanda basi Lindi alfajiri, tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na mchana tukashuka Mbagala kwa ndugu, kama ilivyo desturi ya watu wa Kusini. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 450. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano, linashauri kwamba mtoto wa umri huo asibanwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe ni katika kigari au katika mbeleko. Sisi tuliwabana magotini kwa karibu saa nane kwenda, na saa nane nyingine kurudi, ili wakacheze.

Kesho yake tulifika langoni saa nne kasoro robo asubuhi. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000 kwa mtu mzima na shilingi 8,000 kwa mtoto kuanzia umri wa mwaka mmoja, hivyo watu saba tulilipa shilingi 64,000. Tulikwisha kukata tiketi pale mlinzi, kijana wa heshima aliyekuwa amemwamkia Bibi vizuri, alipoomba kuangalia kikapu. Ndani mlikuwa na chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi na vikombe viwili vya plastiki. Akasema, "Samahani, Bibi, chakula cha nje hakiruhusiwi." Bibi akamjibu kwamba hicho si chakula, ni uji wa mtoto. Kijana akacheka kidogo, akatazama chini, akasema huo ndio utaratibu na yeye ameajiriwa tu. Basi Bibi akakunja kanga yake, akaketi kwenye ukingo wa njia ya magari, juani, akamnywesha mdogo kikombe kimoja, akamnywesha wa kati kikombe kimoja, na uliobaki akaunywa mwenyewe polepole mpaka chupa ikawa tupu, kwa sababu hakuwa tayari kumwaga uji mbele za watu. Ndani tulikuta chipsi, soseji, soda na barafu. Kwa mtoto wa miezi kumi na minne hapakuwa na kitu.

Sasa hesabu. Tuliingia saa nne na dakika kumi, tukatoka saa tisa na dakika arobaini, yaani tulikaa ndani dakika 330. Dakika 118 tulisimama kwenye foleni. Dakika 55 tulikula, tukihesabu na kungoja chipsi. Dakika 46 zilikwenda katika kutafuta choo, kungoja choo na kubadili pampasi. Dakika 60 tulikaa tumewabeba watoto waliolala au waliolia, tukihama pamoja na kivuli cha ukuta, ambacho kufikia saa saba kasorobo kilikuwa kimebaki upana wa kiganja. Dakika 32 tulitembea tu. Zinabaki dakika 19, na hizo ndizo alizocheza binti yetu mkubwa: treni ndogo mara mbili, jumla dakika 8, jumba la kuruka, dakika 8, na farasi wa kuzunguka, dakika 3. Mdogo wake wa kiume alipata dakika 11, kwa kuwa katika jumba la kuruka waliingia watoto wa miaka tisa na kumi wakirukaruka kwa nguvu zao zote, akakanyagwa mkono kabla hajasimama sawasawa, tukamtoa. Wa mwisho alipata dakika 4 za treni. Shilingi 8,000 kwa dakika 4 ni shilingi 2,000 kwa dakika moja, na mimi katika miaka yangu yote kwenye mizani sijawahi kuona bei ya namna hiyo.

Nisieleweke vibaya kuhusu vyombo vikubwa. Mbele ya chombo kimojawapo palikuwa na fimbo ya kipimo yenye mstari mwekundu kwenye sentimita 110, na binti yetu, kwa kipimo cha kliniki, ana sentimita 104. Alisimama kwenye fimbo ile kwa ncha za vidole vya miguu, amevuta pumzi na kuifungia kifuani kana kwamba pumzi huongeza kimo, na msimamizi akatikisa kichwa. Alilia, nami nikamwonea huruma, lakini msimamizi alikuwa na haki. Chuma kinachomshika mpandaji kimetengenezwa kukaza mwili wa ukubwa fulani; mwili mdogo kuliko hapo huchomoka chini yake. Hata huko Marekani, kwenye bustani ya Disneyland, vyombo kadhaa vya kasi havimpokei mtoto asiyefika sentimita 102, na hakuna mzazi mwenye akili anayedai fimbo ile iondolewe. Ninacholalamikia ni kwamba baada ya fimbo kumkataa mtoto, hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Bustani nzima ilikuwa imejengwa juu ya mstari wa sentimita 110, na walio chini ya mstari huo waliruhusiwa kuingia, kulipa na kutazama.

Kuna saa moja ya siku ile ambayo bado nikiikumbuka naona aibu, nayo ni ya choo. Mke wangu alikuwa amembeba mdogo anayelia, Bibi amekwenda na wa kati kutafuta maji, shemeji yuko kwenye foleni ya chipsi, na binti akanishika suruali akasema, "Baba, mkojo." Upande wa wanaume mlikuwa na watu wamesimama ukutani wakijisaidia, si mahali pa kumpitisha mtoto wa kike. Upande wa wanawake mimi siwezi kuingia. Nikabaki nimesimama katikati ya milango miwili, mtoto akijikunja, mpaka mama mmoja tusiyejuana akaniambia, "Nipe huyo, kaka, wangu pia yumo ndani." Nikampa. Nilimkabidhi mwanangu kwa mtu ambaye sijui jina lake wala kwake, katika mji wa mamilioni ya watu, na nikahesabu dakika tatu mpaka walipotoka. Yule mama Mungu ambariki, ila utaratibu wa usalama wa mtoto haupaswi kutegemea bahati ya kukutana na mtu mwema mlangoni. Chumba kimoja tu kingetosha, chenye mlango wake, kinachoingiwa na mzazi yeyote pamoja na mtoto wake, chenye tundu moja la chini la kumfaa mdogo na rafu ya saruji iliyopigwa lipu laini ya kubadilishia pampasi. Sisi tulibadilishia pampasi juu ya begi, nyuma ya jokofu la soda.

Nimesema mabaya, nami ni lazima niseme jema, kwa kuwa ndilo nililotaka mlisikie kuliko yote. Treni ile ndogo ilikuwa na mabehewa manne ya wazi, ikizunguka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, ikipita kwenye handaki fupi la mabati yaliyopakwa rangi. Dereva wake alikuwa kijana mwembamba aliyevaa kofia ya kufuma. Tulipofika, tiketi zilikuwa za watoto tu. Yule kijana akamtazama mdogo wetu, akamtazama Bibi, akasema, "Bibi, panda na wewe, huyu nani atamshika?" Bibi akadai hana tiketi. "Bibi hakatiwi tiketi," akajibu, akashuka, akamshika mkono akampandisha. Viti vya treni ile vilikuwa na upana wa kumketisha mtu mzima na mtoto ubavuni pake. Nina hakika aliyevitengeneza hakuwa akimfikiria bibi wa Kimwera, lakini upana ule ndio uliompa mjukuu wake dakika 4 pekee alizopata siku nzima. Handakini tulisikia sauti mbili zikipiga kelele, na moja haikuwa ya mtoto.

Hapo ndipo nilipoelewa tatizo liko wapi. Mtoto wa chini ya miaka mitano haendi peke yake kwenye bustani ya michezo. Huenda akiwa nusu ya watu wawili. Nusu ya pili ni mama, baba, bibi, dada mkubwa au mjomba, na kila kinachomsumbua yule mkubwa humkatizia mdogo mchezo. Mkubwa akikosa kivuli, mtoto anaondolewa. Mkubwa akikosa choo, mtoto anaondolewa. Mkubwa akitozwa kiingilio kamili kwa ajili ya kushika begi, basi safari nyingine mtoto hatapelekwa kabisa. Wajenzi wa bustani huhesabu vyombo, ilhali kwa watoto wa umri huu ungehesabu kwanza mabenchi.

Wenzetu waliofanya kazi hii kwa ukubwa waliligundua jambo hili zamani. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi, akitafuna karanga, akiwatazama mabinti zake wakizunguka kwenye farasi wa kuzunguka mjini Los Angeles, huku yeye mwenyewe hana la kufanya. Akajiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi pamoja. (Karanga hizo zinanikumbusha mradi mkubwa wa Waingereza kule Nachingwea, ambao uliacha hasara nyingi na karanga chache, lakini hiyo ni barua nyingine.) Bustani ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Siku chache kabla, mafundi bomba walikuwa wamegoma, na muda haukutosha kumaliza vyoo na mabomba ya maji ya kunywa yote kwa pamoja. Akachagua vyoo. Watu walinung'unika kwa kiu siku hiyo ya joto kali, wengine wakadhani wanalazimishwa kununua soda, lakini kwa mtu aliyesimama katikati ya milango miwili akiwa na binti wa miaka minne, uamuzi ule ni wa busara kubwa. Huko hadi leo mtoto wa chini ya miaka mitatu halipi kiingilio, kuna nyumba maalumu ya kunyonyeshea na kubadilishia watoto, na wazazi wawili wenye mtoto asiyefika kimo hupokezana: mmoja hupanda chombo, mwingine hukaa na mtoto, kisha hubadilishana bila kupanga foleni upya. Katika haya matatu, ni nyumba tu inayohitaji saruji. Mengine ni maamuzi ya watu walioketi mezani.

Sheria yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inataja haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na wajibu huo inamwekea mzazi na mlezi. Nami kama mzazi naukubali. Lakini mzazi wa Lindi atautimiza wapi, kama mahali palipojengwa kwa ajili hiyo pako kilomita 450? Tangu mwaka 2021 tunayo pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ujifunzaji wa awali pamoja na ulinzi na usalama ni miongoni mwa nguzo zake. Mikoa yetu miwili, kwa sensa ya mwaka 2022, ina zaidi ya watu milioni 2.8. Watoto wa kutosha kujaza bustani tunao, na sote tunajua Septemba na Oktoba, miezi tisa baada ya malipo ya korosho, inavyokuwa katika wodi za wazazi.

Sasa niseme ya huku kwetu, kwa kuwa ninyi mnaifahamu ardhi na mimi ninafahamu mikorosho.

Kabla ya kuagiza bembea hata moja, tafuteni eneo lenye miti mikubwa ambayo tayari imesimama, na andikeni katika mkataba wa mkandarasi kwamba haikatwi. Mwembe mmoja wa miaka arobaini unafanya kazi ambayo turubai halitaifanya, kwa sababu turubai huzuia jua na kutunza joto, na katika upepo wa kusi hupasuka kabla ya mwaka kuisha. Mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko mkubwa, na mwenyewe hajui kusema kwamba ameelemewa. Hulia tu, na sisi husema ana deko. Panapokosekana miembe, pandeni mwarobaini, unakua haraka. Mkorosho msipande, ingawa ndio unaonilisha. Kivuli chake ni kizuri na matawi yake ya chini yanavutia kupandwa, lakini ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto wa miaka miwili hupeleka kila kitu mdomoni. Nimewaona watu wazima wenye midomo iliyobabuka kwa sababu ya korosho; sitaki kuyaona hayo kwa mtoto.

Vyombo vyenyewe visiwe vya kutoka mbali. Mafundi wa kuchomelea wa Lindi, Masasi na Mtwara wanaweza kutengeneza bembea zenye kiti cha kikapu kinachomzuia mtoto asidondoke, mitelezo mifupi isiyozidi kimo cha mama, na treni kama ile yenye viti vipana. Wanachohitaji kuagizwa waziwazi ni mambo mawili. Moja, chumvi ya bahari hula chuma. Mnyororo wa bembea Lindi mjini hauwezi kukaa muda unaokaa Dodoma, hivyo bajeti ya kubadili minyororo ianze mwaka wa kwanza, isisubiri mtoto aanguke. La pili ni bati la mtelezo. Likielekezwa magharibi, ikifika saa tisa alasiri linachoma mapaja. Lielekezweni kusini na chini ya mti. Chini ya kila chombo pawekwe mchanga mlaini wa kina kisichopungua sentimita 30, ufukuliwe na kuchekechwa mara kwa mara, kwa kuwa paka nao wanaupenda mchanga. Mchanga huo tunao bure kuliko mahali popote duniani, na bado nimeona viwanja vya watoto vikimwagiwa zege ili vionekane vya kisasa.

Wadogo watengewe sehemu yao kwa ukuta mfupi au ua wa miti, wenye lango moja tu, ili mama aliyeketi aweze kuona anayeingia na anayetoka bila kusimama. Mtoto wa kwetu aliyekanyagwa mkono hakukanyagwa na mtoto mbaya. Alikanyagwa na mtoto wa miaka kumi anayecheza kama mtoto wa miaka kumi. Na kama eneo litakuwa karibu na bahari, ambako sote tungependa liwe, ua huo usiwe wa kuombea Mungu. Maji ya ghuba ya Lindi hutoka yakaacha mchanga mpana unaomwita mtoto, kisha hurudi.

Kuhusu saa za kufungua, naomba msiige ofisi. Mtoto wa umri huu huamka alfajiri, na kufikia saa sita amechoka anataka kulala. Bustani inayofunguliwa saa nne asubuhi inampokea akiwa tayari ametumia nusu ya furaha yake. Fungueni saa moja asubuhi hadi saa tano, fungeni jua likiwa kali, wafanyakazi wapumzike na kufagia, kisha fungueni tena saa tisa na nusu hadi magharibi. Kiingilio kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu kifutwe, na mtu mzima mmoja aliyeambatana na mtoto wa chini ya miaka mitano asilipe. Hasara yake ni ndogo kuliko inavyoonekana, kwa sababu watu hao hununua maji, mihogo ya kukaanga na chai siku nzima, na pango la vibanda vya kina mama wanaouza hivyo vitu ndilo litakalolipa minyororo. Na uji wa nyumbani uruhusiwe kupita langoni.

Nina ombi moja ambalo shemeji yangu analiita la kitoto, nami nimeamua kuliandika. Msinunue sanamu za plastiki za wanyama wa katuni za kigeni. Sisi tunaye mnyama wetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi, mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, ikabebwa vichwani na wapagazi wa huku kwetu mpaka bandari ya Lindi, na leo mmoja wao amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, urefu wake kwenda juu ukizidi mita 13. Mtoto wa Lindi anayetaka kumwona mjusi wake anahitaji viza. Mjengeeni mwingine wa saruji, si lazima wa mita 13. Wa mita tatu anatosha, mgongo wake uwe na vidaraja vya kupandia na mkia wake uwe mtelezo mrefu wa taratibu unaoishia mchangani, na tumbo lake liwe na uwazi wa kupita mama akiwa amejikunja. Hilo fundi wa hapa analiweza, na mtoto atakayeteleza kwenye mkia ule atauliza jina lake. Sisi wazazi itabidi tujue la kumjibu.

Mkitaka kujaribu kabla ya kutumia fedha nyingi, mahali papo. Kila Agosti familia kutoka mikoa yote miwili hujaa kwenye viwanja vya Nanenane vya Ngongo, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Tengeni kona moja ya watoto wa chini ya miaka mitano: kivuli, mchanga, bembea nne za kikapu, bomba la maji lenye urefu wa goti, chumba kimoja cha choo cha familia, na mabenchi. Mwekeni karani mwenye daftari aandike kila mtoto amecheza dakika ngapi na amesubiri dakika ngapi. Agosti hakuna mizani. Nitakuja mwenyewe, na sitadai posho. Kama dakika za kucheza hazitazidi za kungoja, basi mtakuwa mmejua kabla ya kujenga, na hakuna atakayewalaumu.

Niliposomea familia barua hii jana usiku, Bibi alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akaniagiza niongeze kwamba mabenchi yawe na mahali pa kuegemea mgongo, na yasiwe ya chuma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa mizani, baba wa watoto watatu
Lindi